Kumshawishi anayepinga ndoa za jinsia moja: jibu kwa mwanafunzi wa Kisauni

Nimepokea swali kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa sheria anayeishi Kisauni, hapa Mombasa. Katika mdahalo wa vyuo amepangiwa kutetea pendekezo kwamba sheria ya Kenya izitambue ndoa za watu wa jinsia moja. “Mwalimu,” anaandika, “nimezisoma hukumu na vifungu, lakini kila nikizijaribu hoja zangu nyumbani, ami yangu, ambaye ni imamu, huzizima kwa sentensi mbili, na waliopo wote huwa upande wake. Nitawashawishi vipi wapinzani? Na nikiulizwa ukumbini kama mimi mwenyewe ni mmoja wa hao ninaowatetea, nijibu nini?”

Mwanangu, kushinda mdahalo na kumshawishi mtu ni kazi mbili, nawe umeziuliza kana kwamba ni moja. Kushinda mdahalo ni kumridhisha mwamuzi kwamba hoja zako zina uzito kuliko za upande wa pili. Kumshawishi mtu ni kumfanya alitazame jambo, akiwa peke yake na bila kulazimishwa, kwa namna ambayo jana hakulitazama. Kazi ya kwanza inastahimili ukali, takwimu na majibu ya haraka, na ya pili huharibiwa na vitu hivyo hivyo. Nitaanza na ukumbi, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale yatakayokufaa huko itakupa pia msingi wa kuzungumza na ami yako barazani.

Usianze kwa kudai kwamba Katiba tayari iko upande wako. Kifungu cha 45(2) kinasema kwamba kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti kwa hiari ya wote wawili, na kifungu cha 3 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Wako mawakili wanaosema kwamba Katiba imetaja haki moja bila kuharamisha nyingine. Hoja hiyo inaweza kusemwa mbele ya majaji, lakini mbele ya hadhira ya Mombasa itasikika kama ujanja, na msikilizaji akishakushuku kwa ujanja hakusikilizi tena. Ni afadhali useme waziwazi kwamba sheria ilivyo leo inakataa, kwamba ndiyo maana mnapendekeza ibadilishwe, na kwamba, kwa kuwa kifungu cha 45 kimo katika Sheria ya Haki, kukirekebisha kunahitaji kura ya maoni ya wananchi chini ya kifungu cha 255. Ukilisema hilo mapema unamnyang'anya mpinzani silaha yake iliyo kali kuliko zote, yaani madai kwamba majaji wachache pamoja na wafadhili kutoka nje wanataka kuwashurutisha watu. Ayalandi, nchi yenye Wakatoliki wengi, ililiamua suala hili kwa kura ya maoni tarehe 22 Mei 2015, na asilimia 62 ya waliopiga kura waliunga mkono. Kwetu Kenya, uchunguzi wa maoni wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotolewa mwaka 2023 ulikuta kwamba wanaounga mkono hawafiki mtu 1 kati ya 10. Mbele ya hali kama hiyo, anayetaka mabadiliko hana njia ya mkato ya kupita kando ya wananchi wenzake.

Hatua ya pili, na ndiyo ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, ni kuyatenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya mitaani hufungwa kitita kimoja. La kwanza ni jinai: je, serikali imfunge mtu mzima kwa kitendo cha hiari alichokifanya faraghani na mtu mzima mwenziwe? La pili ni hadhi ya kiserikali: je, msajili awaandikishe watu hao wawili na kuwapa cheti chenye matokeo ya kisheria? La tatu ni ibada: je, msikiti, kanisa au hekalu liwabariki? Pendekezo lako linahusu la pili peke yake, lakini ami yako anapokusikia anasikia la tatu, na jirani yake aliye kimya anasikia yote matatu kwa pamoja.

Mkanganyiko huu haumo mitaani tu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 162, inatoa kifungo cha miaka 14 kwa kinachoitwa ngono kinyume cha maumbile, na katika kifungu cha 165 kifungo cha miaka 5 kwa vitendo vya aibu baina ya wanaume. Mahakama Kuu ilipoombwa kuviondoa vifungu hivyo, majaji watatu walikataa tarehe 24 Mei 2019, na mojawapo ya sababu walizozitoa ni kwamba kuviondoa kungefungua mlango wa miungano ya watu wa jinsia moja, kinyume na kifungu cha 45. Kwa hiyo swali la jinai lilijibiwa kwa hofu ya swali la ndoa. (Siku hiyo hiyo, kwa sadfa, Taiwan ilianza kuandikisha ndoa za jinsia moja.) Kisha tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji 3 dhidi ya 2, iliamua kwamba haikuwa halali kulikatalia usajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Uamuzi huo ulihusu uhuru wa kujumuika na haukugusa ndoa hata kidogo, tena haukuondoa kifungu chochote cha jinai; hata hivyo wengi waliupokea kana kwamba harusi zimeruhusiwa, na mwezi Septemba mwaka huo, Mahakama ilipokataa kuupitia upya, waandamanaji walijitokeza hapa Mombasa.

Wenye umri wa kutosha watakumbuka Mtwapa, mji ulio kaskazini ya Mombasa, mwezi Februari 2010. Uvumi ulienea kwamba wanaume wawili walikuwa wakitaka kufunga ndoa. Ukahubiriwa, ukakuzwa, na mwishowe umati ukakizingira kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, watu wakapigwa, na polisi wakawakamata baadhi ya wale wale walioshambuliwa. Kituo kile kilikuwa kikitoa huduma za ukimwi. Jifunze kutokana na tukio hilo kwamba katika Pwani yetu tetesi za harusi zinaweza kuchoma mambo yasiyohusiana na harusi, zikiwamo dawa za mgonjwa na usalama wa mpita njia. Anayetaka kushawishi hapa hana budi kutenganisha kabla hajatetea.

Mpinzani hodari atakuambia kwamba utenganishaji huo ni danganya toto, kwa sababu ukimpa mtu shubiri huchukua pima. Usimdharau, maana historia inampa hoja: Afrika Kusini iliondoa makosa hayo ya jinai mwaka 1998, na kufikia tarehe 30 Novemba 2006 sheria ya kuwaunganisha watu wa jinsia moja ilikuwa imeanza kutumika. Lakini historia hiyo hiyo ina India, ambayo Mahakama yake ya Juu iliondoa adhabu tarehe 6 Septemba 2018, na mahakama hiyo hiyo, tarehe 17 Oktoba 2023, ikakataa kutambua ndoa na kusema kwamba hilo ni jambo la Bunge. Hatua moja haikuizaa nyingine kwa lazima. Kila moja ilibishaniwa kivyake.

Sasa nije kwenye dini, ambako ami yako hukuzima. Sababu ya kuzimwa kwako ni kwamba unaingia katika uwanja wake. Usishindane na imamu katika tafsiri ya kisa cha Lut, wala usimletee mfasiri wa kisasa uliyemsoma kwenye simu. Yeye amekaa chuoni miaka mingi, wewe unasoma sheria, na hata kama ungekuwa na hoja, kumshinda mbele ya wanawe kungemfanya ajilinde badala ya kufikiri. Mwachie hukumu ya dini ilivyo, kisha umuulize swali ambalo si la fiqhi: je, serikali ya Kenya huandikisha ndoa zile tu ambazo dini yake inazikubali?

Jibu analijua. Sheria ya Ndoa inatambua aina tano: ya Kikristo, ya Kihindu, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali, ile ambayo wazee wengi bado huiita ndoa ya bomani. Mwanamke Mwislamu akitaka kuolewa na mwanamume Mkristo, hakuna kadhi atakayewafungisha. Lakini wakienda kwa msajili, wakatoa notisi na kutimiza masharti, watatoka na cheti, na mbele ya sheria ya nchi wao ni mke na mume. Mkatoliki aliyeachwa mahakamani, ambaye padri hawezi kumfungisha tena, hupitia mlango huo huo. Ndoa hizi zimekuwapo muda mrefu, wala hakuna msikiti uliolazimishwa kuzibariki au parokia iliyoshtakiwa kwa kuzikataa. Kifungu cha 49(3) cha sheria hiyo kinaeleza kwamba pale inapopingana na sheria ya Kiislamu, haitawahusu Waislamu, na kifungu cha 170 cha Katiba kimeiwekea mahakama ya kadhi mipaka yake kwa wale wanaokiri Uislamu na kukubali mamlaka yake. Kwa hiyo ukuta baina ya cheti cha serikali na akdi ya nikaha ulijengwa zamani, na Waislamu wa Kenya ni miongoni mwa walioutetea kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo penye hoja ambayo kwa maoni yangu ina nguvu kuliko zote katika mji huu, na nashangaa kuona jinsi inavyotumiwa kwa nadra. Kumbuka mwaka 2010. Baraza la Kitaifa la Makanisa na viongozi wengine wa Kikristo waliipinga rasimu ya Katiba, na mojawapo ya sababu zao kubwa ilikuwa mahakama za kadhi. Mwezi Mei mwaka huo Mahakama Kuu nayo ilikuwa imetoa uamuzi dhidi ya kuwekwa kwa mahakama hizo katika Katiba iliyokuwapo. Wakristo ndio walio wengi nchini. Lau kanuni ingekuwa “wengi wape” peke yake, mahakama ya kadhi ingeweza kufutwa na watu wa kaunti ambazo hazijawahi kumwona kadhi. Haikufutwa. Rasimu ilipitishwa tarehe 4 Agosti 2010, na mahakama hizo zimo hadi leo, kwa sababu Wakenya wengi walikubali kwamba wachache wanaweza kulindwa na Katiba katika jambo ambalo walio wengi hawalipendi wala hawalifuati.

Mpinzani atakujibu mara moja kwamba unafananisha dini ya Mwenyezi Mungu na maasi. Mkubalie kwamba vitu hivyo viwili si sawa, na ueleze kwamba hukuvifananisha kwa thamani. Unachosema ni kwamba “sisi ni wengi na hatupendi” haiwezi kuwa sababu inayotosha, kwa kuwa siku itakapotosha, haitaishia kwa wale asiowapenda yeye. Kisha nyamaza. Ni hoja inayohitaji muda wa kumezwa, na ukiifuata haraka na nyingine utakuwa umeitupa.

Baada ya hapo weka ulinzi wa dini ndani ya pendekezo lenyewe, bila kungoja uulizwe. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika hukumu ya tarehe 1 Desemba 2005 iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, ilisema wazi kwamba viongozi wa dini hawangelazimishwa kufungisha ndoa zinazopingana na imani yao. Uingereza, ilipopitisha sheria yake mwaka 2013, iliweka vizuizi mahususi ili Kanisa la Anglikana lisiweze kushurutishwa. Soma kifungu chako cha ulinzi kwa sauti, polepole: hakuna kadhi, imamu, padri, mchungaji wala mzee wa kimila atakayelazimika kufungisha, kubariki au kutoa mahali pa ndoa isiyokubalika katika dini au mila yake. Wasikilizaji wengi watakuwa hawajawahi kulisikia likisemwa na mtu wa upande wako.

Iko aya moja ninayoona vijana wakiitumia vibaya. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, waumini wamekatazwa kupelelezana na kusengenyana. Aya hiyo haihalalishi ndoa ya jinsia moja, na ukidai hivyo ami yako atakuwa na haki ya kukukemea. Inahusu swali la kwanza, la jinai na umati: kuchungulia dirisha la jirani, kuvunja mlango kwa tetesi, kumpiga mtu kwa mwendo wake. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale na kufanyiwa uchunguzi wa sehemu zao za siri kwa lazima. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliona hakuna ubaya, lakini tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikikaa hapa hapa Mombasa, iliamua kwamba kitendo kile kilikuwa kinyume cha sheria. Nimewasikia watu wenye msimamo mkali kabisa dhidi ya ndoa hizi wakikubali kwamba jambo lile lilikuwa la kufedhehesha. Mkikubaliana hapo na ami yako, mmekubaliana juu ya kitu cha kweli, hata kama hamtakubaliana tena juu ya jingine lolote.

Hoja ya “mambo ya Wazungu” utaikuta kila mahali, na majibu mawili ya kawaida hayafai sana hapa. Jibu la kwanza ni kwamba kilichotoka nje ni sheria ya adhabu, kwa kuwa kanuni hii ni urithi wa Waingereza, walioileta Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Ni kweli tupu, na katika ukumbi wa Nairobi hupigiwa makofi. Hapa Mombasa jibu hilo halina nguvu hiyo, kwa sababu mzee wa Mji wa Kale atakukumbusha kwamba ukanda huu ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, kwamba makadhi walikuwa wakihukumu kabla Mwingereza hajateremsha nanga, na kwamba makatazo haya hayakuhitaji meli ya mkoloni. Jibu la pili ni ndoa za mwanamke kwa mwanamke zinazojulikana miongoni mwa Wanandi, Wakuria, Wakamba na wengineo; hata Mahakama Kuu ya Mombasa, mwaka 2011, ilimtambua mjane wa ndoa ya Kinandi ya namna hiyo katika shauri la mirathi. Linavutia, lakini wenye mila watakuambia kwamba ndoa hizo ni za kupata mrithi na kulinda jina la nyumba, si za mahaba, na watakuwa wanasema kweli. Litumie kwa jambo dogo tu: kwamba sheria ya Kenya imewahi kutambua nyumba isiyokuwa ya mume na mke pale haki ya mtu ilipokuwa ikipotea. Ama kuwapo kwa watu wenyewe, hilo halihitaji ushahidi kutoka Ulaya. Yeyote aliyehudhuria ngoma za harusi za zamani katika mji huu anajua.

Kuhusu uzao, jibu ni fupi: sheria haimuulizi bibi wa miaka 65 anayeolewa upya kama atazaa, wala haivunji ndoa ya mgumba. Lisemwe kwa upole na liachwe, maana ukumbini humo watakuwamo watu walioumizwa na suala hilo.

Panapostahili muda wako ni kwenye matokeo halisi ya cheti. Neno “haki” likisemwa peke yake halimgusi mtu. Wakenya wanajua uzito wa kuulizwa “maiti ni ya nani?” tangu kesi ya S.M. Otieno mwaka 1987, ambapo mjane aliyefunga ndoa halali alishindwa mahakamani na ukoo wa mumewe ukauchukua mwili na kuuzika Siaya. Ikiwa mke mwenye cheti alipata tabu hiyo, waeleze wasikilizaji hali ya watu wawili walioishi nyumba moja miaka 20 hapo Tudor, wakalipa kodi pamoja, mmoja akamuuguza mwenziwe hadi pumzi ya mwisho. Hospitalini anaambiwa atoke kwa kuwa si jamaa. Mochari mwili unachukuliwa na ndugu ambao hawakuwahi kuja kumtazama mgonjwa. Kufikia jioni kufuli mpya iko mlangoni, na nguo zake zimo ndani. Mpinzani atasema kwamba wangeandika wasia. Mjibu kwamba wasia hugawa mali, lakini haumpi mtu kiti kando ya kitanda wala kauli juu ya maziko.

Waliopigania jambo hili Marekani walijifunza kitu kinachofanana na hicho kwa gharama. Mwaka 2008 California, jimbo lililodhaniwa kuwa huru kimawazo, lilipiga kura kwa takriban asilimia 52 kuzizuia ndoa hizi. Baada ya kushindwa, kampeni ziliacha kuorodhesha haki na manufaa, zikaanza kuzungumzia mapenzi na ahadi ya kudumu, na mwaka 2012 zilishinda kura katika majimbo ya Maine, Maryland na Washington. Watafiti Matthew Feinberg na Robb Willer, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2015, walionyesha kwamba wahafidhina husikiliza zaidi hoja iliyofungwa katika maadili yao wenyewe, kama vile uzalendo, kuliko ile inayosimama juu ya usawa peke yake. Kanuni hiyo naikubali, ila lugha ya mapenzi usiiazime. Katika mji huu mapenzi ni ya nyimbo; ndoa hupimwa kwa wajibu, yaani kulisha, kustiri, kuuguza na kuzika. Zungumza kwa wajibu, nawe utakuwa umesimama kwenye sakafu ambayo ami yako anaikubali.

Nimefika kwenye baraza. Mwezi Desemba 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai kwamba mazungumzo mafupi mlangoni na mtu aliye shoga yaliwabadilisha wapiga kura wa California juu ya ndoa. Mwaka uliofuata utafiti huo uliondolewa, baada ya kufichuliwa ushahidi kwamba data zake zilikuwa za kubuni. Miongoni mwa walioufichua walikuwa David Broockman na Joshua Kalla, ambao baadaye walifanya utafiti halisi huko Miami na kuuchapisha mwaka 2016. Walikuta kwamba mazungumzo ya takriban dakika 10, ambamo mgeni anauliza, anasikiliza bila kuhukumu, na kumwomba mwenye nyumba akumbuke wakati alipohukumiwa kwa sababu ya kuwa tofauti, yalipunguza chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, na athari ilidumu angalau miezi 3. Kazi yao ya baadaye ilionyesha kwamba kutoa hoja peke yake hakukuleta mabadiliko hayo. Kilicholeta ni kubadilishana visa. Miami si Mombasa, nami sikuahidi kwamba imamu atageuka kwa dakika 10, lakini mbinu yenyewe haina ugeni wowote kwa watu waliolelewa barazani.

Tuseme ni baada ya alasiri, kahawa imeshamiminwa. Usimwambie ami kwamba umekuja kumshawishi. Muulize: “Ami, ulishawahi kuhukumiwa na watu wasiokujua?” Yeye ni imamu wa Kisauni, huenda akakusimulia mwaka 2014, wakati wa misako ya polisi katika misikiti ya Kisauni na Majengo, ambapo kanzu na ndevu zilitosha kumfanya kijana ashukiwe. Msikilize hadi mwisho. Muulize alijisikiaje, na nani alimtetea. Kisha, na hapa ndipo vijana wengi huharibu, usimfungie hitimisho kwa kusema “basi nao hujisikia hivyo hivyo.” Uliza tu: “Na mtu akimvunjia jirani mlango kwa tetesi, wewe kama imamu utasimama wapi?” Hata akisema atasimama mlangoni kuwazuia na bado ndoa hiyo ni haramu, umepata jambo kubwa, na hukumwomba aache hata herufi moja ya dini yake. (Watafiti wale pia huwaomba watu wajipime kwa nambari kutoka 0 hadi 10, wewe usithubutu, ami atadhani umeajiriwa na shirika.)

Anayesema naye ana uzito wake. Ayalandi, rais mstaafu Mary McAleese, Mkatoliki anayeshika ibada, aliziunga mkono ndoa hizi akizungumza kama mama wa mtoto aliye shoga, na waumini hawakuweza kumtupa upande wa wageni. Hapa Mombasa shirika la PEMA Kenya limekuwa likiwakutanisha viongozi wa dini na watu wanaopenda wa jinsia yao, na mazungumzo hayo yalianzia kwenye ghasia, afya na ubaguzi, wala si kwenye ndoa. Ukumbini, ikiwa mwenzako wa timu anajulikana kwa kushika dini, mwachie yeye sehemu ya ulinzi wa ibada. Na unapozungumza, usiwalenge wapinzani waliokwisha kukata shauri. Walenge wale wa safu za kati ambao hawajui wasimame wapi na wanaogopa kuuliza.

Lipo swali lako la mwisho. Ukiulizwa kama wewe ni mmoja wao, usikimbilie kusema “hapana, hasha,” kwa kuwa kwa kujitakasa unakubali kwamba ni tuhuma. Wala usiseme “ndiyo,” wala usitoe kisa cha rafiki anayeweza kutambulika, maana kifungu cha 162 bado kipo na simu zitakuwa zimeinuliwa. Sema: “Mwenyekiti, pendekezo hili litaamuliwa kwa uzito wa hoja, si kwa kumchunguza anayelitoa. Mimi nimepangiwa upande huu kama mwenzangu alivyopangiwa ule.” Kisha rudi kwenye hoja yako bila kuongeza neno. Kabla ya siku yenyewe, nenda kwa waandaaji uwaombe watangaze mwanzoni kwamba washiriki wamepangiwa pande zao, na kwamba kurekodi hakuruhusiwi bila idhini. Wakikataa, una haki ya kuomba upangiwe pendekezo jingine, wala hilo si woga. Na ami yako umweleze wewe mwenyewe, mapema, ni upande gani uliopewa na na nani, ili klipu ya sekunde 30 ikimfikia kwenye kundi la msikiti awe tayari na jibu la kuwapa wenzake.